Mwaka waliouacha: shamba moja la maziwa Wisconsin na ruzuku ya pengo

Jina la familia, kaunti na chama chao cha ushirika vimeondolewa, na hesabu za shamba zimezungushwa ili lisitambulike. Takwimu za mpango wa ruzuku wenyewe, ambao huwalipa wafugaji pale pengo kati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula cha ng'ombe linapokuwa dogo, ni zile zilizotangazwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwezi baada ya mwezi.

Usuli

Wisconsin ni jimbo lililojipatia jina kwa jibini. Mwaka 2004 lilikuwa na mashamba ya maziwa yenye leseni zaidi ya 15,000. Kufikia 2024 yalikuwa chini ya 6,000. Ng'ombe wenyewe hawakupungua kwa kasi hiyo. Walihamia kwenye mashamba machache makubwa, na katika kaunti za mashambani utapita mabanda mengi mekundu yenye minara ya saileji (malisho ya kuchachushwa) ambayo haijatiwa kitu kwa miaka.

Shamba la kisa hiki lilikuwa bado hai. Lilikuwa mikononi mwa watu watatu: mzee aliyelirithi kwa baba yake, mwanawe anayesimamia ng'ombe na mashamba, na mkwe anayetunza vitabu vya hesabu. Mwaka 2013 walikuwa wakikamua ng'ombe kama 125. Mwaka 2016 walichukua mkopo wa benki wakapanua chumba cha kukamulia, na kufikia 2019 walikuwa na ng'ombe wapatao 160. Mahindi ya saileji na majani ya alfalfa waliyalima wenyewe. Mashudu ya soya waliyanunua. Maziwa yao yalikwenda kwa chama cha ushirika chenye kiwanda cha jibini.

Msomaji wa Githunguri au Tanga aliyezoea kulipwa kwa lita ajue kwamba mfugaji wa Marekani hulipwa kwa kila ratili 100, sawa na lita 44 hivi. Kila bei nitakayoitaja hapa ni ya kipimo hicho.

Jambo moja zaidi kuhusu mzee. Hakuipenda ruzuku, na sababu yake haikuwa siasa. Malipo ya kilimo ya serikali ya Marekani ni taarifa ya umma, na shirika la Environmental Working Group limeyaweka mtandaoni kwa miaka mingi: unachagua jimbo, unachagua kaunti, unaona nani kalipwa kiasi gani. Katika kaunti ambayo watu hukutana kanisani na kwenye duka la vipuri, mzee hakutaka jina lake lisomwe kwenye orodha hiyo. Ukilisahau hili, baadhi ya maamuzi yao yataonekana ya kijinga kuliko yalivyokuwa.

Mpango unavyofanya kazi

Hadi mwaka 2014 serikali ilikuwa ikiwalipa wafugaji wa maziwa pale bei ya maziwa iliposhuka chini ya kiwango fulani. Sheria ya kilimo ya 2014 ikabadilisha msingi huo. Kilichokingwa sasa hakikuwa bei tena, bali pengo linalobaki kati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula cha ng'ombe. Mpango wa kwanza wa aina hiyo uliitwa MPP, na wafugaji wengi waliuona hauna maana: walilipa ada, malipo hayakuja.

Familia hii ilikuwa miongoni mwao. Mwaka 2015 walilipia kinga ya pengo la dola 6.50, yaani walipwe tofauti pengo likishuka chini ya hapo, na hawakupata hata senti. Mwaka uliofuata wakashuka hadi kinga ya chini kabisa, dola 4, ambayo haina ada ila dola 100 za usajili. Mei na Juni 2016 pengo likaanguka hadi dola 5.76. Kiasi walichokosa kilikuwa kidogo, na sidhani kama kuna aliyekipigia hesabu wakati ule. Nakitaja kwa sababu kosa lilelile lilirudi miaka minne baadaye likiwa na bei kubwa zaidi.

Sheria ya kilimo iliyotiwa saini Desemba 2018 ilileta mpango mpya, Dairy Margin Coverage, au DMC. Mambo manne ndiyo yanayohusu kisa hiki.

Kwanza, mfugaji angeweza sasa kukinga pengo la hadi dola 9.50 kwa ratili milioni 5 za kwanza za maziwa, kwa ada ya senti 15. Ratili milioni 5 ni maziwa ya ng'ombe 200 na kidogo kwa mwaka. Zaidi ya hapo, kinga huishia dola 8 na ada hupanda sana.

Pili, malipo hayafuati maziwa unayokamua mwezi huu. Yanafuata historia ya uzalishaji, ambayo kwa mashamba ya zamani ilichukuliwa kutoka mwaka uliokuwa mzuri zaidi kati ya 2011, 2012 na 2013. Asilimia isiyozidi 95 ya historia hiyo ndiyo inayokingwa.

Tatu, bei na gharama zinazotumika ni za taifa zima. Gharama ya chakula hupigwa kwa fomula ya mahindi, mashudu ya soya na alfalfa, hata kama wewe hununui hata gunia moja la mahindi. Na pengo hilo limetoa chakula tu. Mshahara, mafuta, daktari wa mifugo na marejesho ya benki vyote hutoka ndani ya hizo dola 9.50.

Nne, aliyejiandikisha mwaka 2019 aliruhusiwa kujifunga kwa miaka yote mitano hadi 2023, kwa kiwango kilekile cha kinga, na kupunguziwa ada kwa asilimia 25. Asiyejifunga angejiandikisha upya kila mwaka, na dirisha la kujiandikisha miaka hiyo kwa kawaida lilifunguliwa kabla ya mwaka kuanza.

Kwa familia hii hesabu ilikuwa hivi: historia ya ratili milioni 3, asilimia 95 yake ni milioni 2.85, yaani vipimo 28,500 vya ratili 100. Ada ya mwaka kwa kinga ya juu: dola 4,275. Malipo ya kila mwezi huhesabiwa juu ya sehemu moja ya kumi na mbili, vipimo 2,375. Tayari hapo kuna kasoro, kwa sababu mwaka 2019 walikuwa wakiuza karibu ratili milioni 3.8. Ng'ombe wote walioongezwa kwa mkopo wa 2016 walikuwa nje ya kinga.

Yaliyotokea

*Kiangazi cha 2019.* Uandikishaji wa kwanza wa DMC ulifunguliwa Juni 17, lakini mpango ulihesabiwa kuanzia Januari ya mwaka huo. Hii ilikuwa zawadi ya wazi. Pengo la Januari lilikuwa dola 7.99 na lilijulikana, na miezi iliyofuata nayo ilikuwa chini ya 9.50. Aliyefika kwenye ofisi ya FSA ya kaunti, wakala wa wizara anayesimamia malipo haya, alikuwa anakata bima ya nyumba iliyokwisha kuungua na bado anaruhusiwa kudai.

Mkwe alikwenda. Karani alimwekea mezani karatasi mbili za kuamua. Ya kwanza ilihusu ada walizolipa enzi za MPP: sheria mpya iliwaruhusu kurejeshewa nusu kwa fedha taslimu, au robo tatu kama salio la kulipia ada za DMC. Wakachagua fedha. Ya pili ilikuwa kujifunga kwa miaka mitano. Wakakataa.

Sababu za kukataa zilikuwa mbili. Mzee alikuwa akizungumzia kuuza ng'ombe ifikapo 2022 na hakutaka mkataba unaovuka hapo. Mwanawe naye aliona kwamba punguzo la asilimia 25 kwao ni dola 1,069 kwa mwaka, fedha isiyotosha kuuza uhuru wa kuamua kila msimu. Mkwe alikuwa na mashaka lakini hakuyasimamia.

Mwaka huo kinga iliwaletea karibu dola 13,000 kabla ya makato ya kisheria, ambayo hula kama asilimia 6. Ziliwasaidia kununua majani makavu, kwa sababu baridi ya mwanzo wa 2019 iliua alfalfa katika sehemu kubwa ya Wisconsin na yao ilikufa pia. Fomula ya taifa haikuona hasara hiyo: husoma wastani wa nchi nzima, wakati wao walikuwa wakilipa bei ya ukame.

*Desemba 2019.* Dirisha la mwaka 2020 lilifunguliwa Oktoba na mwisho wake ukasogezwa hadi Desemba 20. Kufikia hapo hali ilikuwa imegeuka. Pengo la Novemba lilipita dola 12. Hundi ya maziwa ilikuwa nzuri kuliko walivyoona kwa miaka mitano, na mwana alikuwa ameibandika kopi yake kwenye mlango wa friji jikoni, kwa utani nusu na kwa shukrani nusu. Chombo cha kukokotoa cha mtandaoni, kinachosoma bei za soko la bidhaa za siku zijazo, kilionyesha kwamba kwa 2020 hakuna mwezi hata mmoja ambao pengo lingeshuka chini ya 9.50.

Waliketi watatu wakakubaliana kuacha. Dola 4,275 zingelipa ada ya mtaalamu wa lishe kwa miezi kadhaa. Mzee alifurahi kwamba jina halitakuwa kwenye orodha ya mwaka huo. Hawakuwa peke yao: kati ya mashamba yaliyostahili, karibu nusu tu ndiyo yaliyojiandikisha kwa 2020.

*Machi hadi Juni 2020.* Korona ilifunga shule na migahawa katikati ya Machi. Karibu nusu ya jibini ya Marekani huliwa nje ya nyumba, kwenye piza na baga, na viwanda vilivyokuwa vikifunga jibini kwenye vifurushi vya kilo nyingi vya migahawa havikuweza kuhamia rejareja kwa wiki moja. Mwanzoni mwa Aprili baadhi ya wafugaji wa Wisconsin waliambiwa wayamwage maziwa shambani. Chama cha familia hii hakikuwaambia hivyo, lakini kiliweka kikomo: maziwa yanayozidi kiwango fulani cha uzalishaji wa mwezi wa nyuma yatalipwa bei ya chini kabisa. Bei ya maziwa ya kutengenezea jibini ikafika dola 12.14 mwezi Mei.

Pengo la Aprili lilitangazwa kuwa dola 6.03, la Mei dola 5.37. Kama wangekuwa na kinga, Aprili ingewalipa dola 8,241 na Mei 9,809, kabla ya makato. Miezi hiyo miwili peke yake ingerudisha ada zaidi ya mara nne.

Badala yake waliuza ng'ombe kumi na wawili wakati ambapo viwanda vya nyama navyo vilikuwa vinasuasua kwa ugonjwa na bei ya ng'ombe wa kuchinja iko chini. Wakaahirisha malipo ya mbegu. Wakavuta kwenye mkopo wa msimu mapema kuliko kawaida, na meneja wa benki akaanza kuuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza.

Halafu fedha ikaja kutoka upande ambao hawakuutegemea. Serikali ilianzisha mpango wa dharura wa korona, CFAP, uliopokea maombi kuanzia Mei 26 kupitia ofisi ileile ya FSA. Kwa maziwa ulilipa kama dola 6.20 kwa kila kipimo kilichozalishwa robo ya kwanza ya 2020. Haukuhitaji ada, na ulihesabu maziwa halisi, si historia ya 2013. Familia ilipata karibu dola 60,000: asilimia 80 kwanza, iliyobaki baadaye. Waliokuwa na DMC walipata vyote viwili.

*2021.* Uandikishaji wa mwaka huu ulifungwa Desemba 2020 na safari hii walijiandikisha. Nitarudi kwenye sababu. Mwaka 2021 bei ya maziwa kwa wastani haikuwa mbaya kuliko ya 2020, lakini mahindi na soya vilipanda sana. DMC ililipa miezi kumi na mmoja kati ya kumi na miwili. Agosti, pengo likiwa dola 5.25, iliwalipa dola 10,094 kabla ya makato. Desemba ya mwaka huo wizara ikatangaza nyongeza kwa mashamba yenye historia iliyo chini ya ratili milioni 5: robo tatu ya tofauti kati ya mauzo ya 2019 na historia ya zamani iongezwe, na ihesabiwe kuanzia Januari 2021. Historia yao ikapanda kutoka milioni 3 hadi milioni 3.6.

*2022 na 2023.* Mwaka 2022 bei ya maziwa ilivunja rekodi. DMC ililipa Agosti na Septemba tu, pengo likiwa dola 8.08 na 8.62. Ada yao sasa ilikuwa dola 5,130; malipo yalikuwa kama dola 6,500 kabla ya makato. Hawakupata faida wala hasara ya kuzungumzia.

Wakati wa kujiandikisha kwa 2023 ulikuja mwishoni mwa mwaka huo wa neema, na mazingira yalifanana mno na Desemba 2019: hundi nzuri, mwaka uliopita ada haikuleta kitu cha maana. Wakajiandikisha hata hivyo. Mwaka 2023 pengo liliporomoka hadi dola 3.65 mwezi Juni na 3.52 Julai, ya chini kuliko yote tangu DMC ianze. Julai peke yake ilikuwa dola 17,043. Kuanzia Januari hadi Oktoba kila mwezi ulilipa, jumla ikikaribia dola 93,000 kabla ya makato.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kusema kwamba uamuzi wa Desemba 2019 ulikuwa mbaya kwa sababu janga lilikuja. Hoja hiyo ni dhaifu. Hakuna aliyejua. Soko la bei za baadaye halikujua, chombo cha mtandaoni hakikujua, na karani wa FSA hakujua. Ukiupima uamuzi kwa habari zilizokuwapo, kuacha ada ya dola 4,275 ambayo utabiri ulionyesha haitarudi kulikuwa na mantiki yake.

Kilichokosewa ni swali. Mezani liliulizwa: je, mwaka huu italipa? Hilo ni swali la mtu anayecheza bahati nasibu, na utabiri wa soko hulijibu kwa wastani wa mambo yanayoweza kutokea. Bima haikatwi kwa ajili ya wastani. Swali lililofaa lilikuwa hili: pengo likishuka hadi dola 6 kwa miezi mitatu, tutalipaje benki? Shamba lenye mkopo wa chumba cha kukamulia, ambalo robo ya maziwa yake iko nje ya kinga, lilikuwa na jibu baya kwa swali hilo, na jibu hilo lilikuwa ndani ya vitabu vya mkwe tayari. Hakuna aliyelitafuta kwa sababu hundi ilikuwa nzuri.

Kwangu uamuzi mzito zaidi ulikuwa ule wa kiangazi cha 2019, walipokataa kujifunga. Watu huliangalia lile punguzo la asilimia 25 kama faida ya kujifunga. Thamani kubwa zaidi ilikuwa kumwondolea mfugaji nafasi ya kuamua Desemba akiwa na furaha. Bei ya maziwa huenda kwa mawimbi, na miaka hiyo dirisha la kujiandikisha kwa kawaida lilifunguliwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo mtu aliyeamua kila mwaka aliamua akiwa na hundi za mwaka unaokwisha mkononi. Akiwa ametoka kuumia, atajiandikisha. Akiwa ameshiba, ataacha. Yaani atakuwa na kinga baada ya shida na kuikosa kabla yake. Familia hii ilifanya hivyo mara mbili, 2016 na 2020, ikiongozwa na hisia zilezile.

Hofu ya mzee ya kufungwa na mkataba akitaka kuuza ng'ombe ilikuwa ya haki, na ilistahili swali moja kwa karani: ikiwa tutaacha kukamua, mkataba unakuwaje? Swali hilo halikuulizwa siku ile. Ng'ombe hawajauzwa hadi leo.

Sababu ya kurudi mwaka 2021 haikuwa kwamba walijifunza. Benki ndiyo iliyowarudisha. Mkopo wa msimu ulipofanyiwa mapitio mwishoni mwa 2020, meneja aliweka sharti: DMC kwa kiwango cha juu, kila mwaka, hadi deni litakaposhuka hadi kiasi fulani. Mwana alikasirika. Kwa matokeo, benki iliwapa kile kifungo cha miaka mitano walichokikataa, ila bila punguzo la ada. Na ilikuwa benki pia, pamoja na mazoea yaliyokwisha kuota, iliyowavusha salama kwenye majaribu ya mwisho wa 2022.

Mkwe alifanya badiliko moja dogo ambalo nadhani lina uzito kuliko linavyoonekana. Aliihamisha ada ya DMC kwenye vitabu. Zamani ilikaa kwenye mstari wa mambo ya serikali, pamoja na malipo yake, na kila mwisho wa mwaka mtu angeangalia mstari huo kama umeingiza au umepoteza. Sasa ada iko kwenye gharama za kawaida, chini ya chanjo na daktari wa mifugo. Hakuna anayeuliza kama chanjo ya mwaka huu ililipa.

Matokeo

Kwa fedha peke yake, kuacha 2020 hakukuwaumiza kama walivyostahili kuumia. CFAP iliwapa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho DMC ingewapa kwa Aprili na Mei. Maumivu yalikuwa ya muda: maziwa ya Aprili yalipungua thamani mara moja, fedha ya dharura ikaanza kuingia Juni. Ng'ombe kumi na wawili waliuzwa katika kipindi hicho cha wiki chache. Kuwarejesha kwa kukuza mitamba kulichukua zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo maziwa yao hayakuwapo kwenye hundi.

Mwaka 2023 ulikuwa kinyume. Pengo lilianguka vibaya kuliko 2020 na kwa muda mrefu zaidi, hapakuwa na mpango wa dharura, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa kulazimika.

Uchambuzi: kilichofaa na kisichofaa

Mpango wenyewe ulifanya kazi vizuri pale ulipokusudiwa. Mwaka 2021 unaonyesha kwa nini kukinga pengo ni bora kuliko kukinga bei: mpango unaotazama bei peke yake usingeona shida yoyote mwaka huo, kwa sababu bei ya maziwa ilikuwa sawa. Aliyekuwa anakufa alikuwa mnunuzi wa chakula cha ng'ombe.

Hata hivyo hapo ndipo fomula ya taifa inapopinda. Familia hii mwaka 2021 ilivuna mahindi yake na alfalfa yake. Gharama ilipanda kwenye mashudu tu. Serikali iliwalipa kana kwamba walinunua kila kitu sokoni, na wao wenyewe wanakiri kwamba mwaka huo walipata zaidi ya walichopoteza. Mwaka 2019, alfalfa yao ilipokufa, ilikuwa kinyume. Anayeingia kwenye mpango wa aina hii aelewe kwamba analipiwa shida ya nchi nzima, na shida yake mwenyewe inaweza kuja mwezi mwingine kabisa.

Ucheleweshaji ni tatizo la pili. Pengo la Julai 2023 lilitangazwa siku ya mwisho ya Agosti, na malipo hufuata baada ya hapo. Shamba linalolipa benki kila mwezi linahitaji akiba ya kuvuka miezi miwili hata likiwa na kinga kamili. Mkwe sasa hutenga kiasi hicho.

Historia ya uzalishaji ndiyo iliyowaumiza polepole zaidi. Kuanzia 2014 hadi nyongeza ya Desemba 2021, kila ng'ombe waliyemwongeza alikuwa nje ya kinga, huku mkopo wa kumwongeza ukiwa ndani ya shamba. Nia ya serikali inaeleweka: ukilipa kwa maziwa ya leo, unawahimiza wafugaji wakamue zaidi wakati soko limejaa. Lakini historia isiyosogezwa kwa miaka mingi huwa inalinda mashamba kama yalivyokuwa zamani. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeisogeza hadi mwaka bora kati ya 2021, 2022 na 2023 kuanzia 2026, ikapandisha kiwango cha ada nafuu hadi ratili milioni 6, na kurudisha nafasi ya kujifunga, safari hii hadi 2031, kwa punguzo lilelile la asilimia 25.

Kuna jambo ambalo orodha ya malipo ya kaunti haielezi. Kwa kikomo cha ratili milioni 5 kilichokuwapo hadi 2025, shamba la ng'ombe 2,000 lilipata kwenye ngazi nafuu malipo yaleyale ya shamba la ng'ombe 210, na kwa shamba kubwa hizo zilikuwa kama asilimia 10 ya maziwa yake. Kwenye orodha majirani hao wawili wanaonekana wamepata sawa. Kwa mmoja ni kitu cha kuvuka nacho mwaka, kwa mwingine ni fedha ya mafuta. Mzee alipooneshwa hesabu hii, hofu yake ya orodha ilipungua kidogo, ingawa bado hapendi kuiona.

La mwisho ni CFAP, na hapa sikubaliani na wengi niliozungumza nao. Wao husema fedha ya dharura iliokoa mashamba, na ni kweli. Ila iliwalipa waliokata bima na wasiokata kwa kipimo kilekile, tena zaidi ya bima yenyewe. Mfugaji aliyeacha DMC Desemba 2019 na kupokea dola 60,000 miezi sita baadaye amefundishwa kwamba mambo yakiharibika sana, serikali itakuja bila ada. Mwana bado huitumia hoja hiyo kila mara mkwe anapotoa fomu, na haina jibu rahisi, kwa sababu mwaka 2020 alikuwa sahihi. Mwaka 2023 hakuna aliyekuja.